Shikamoo Katika Chumba cha Kukatia

Alhamisi, tarehe 18, mwezi wa saba. Ukungu umeshuka toka msitu wa Magamba tangu alfajiri na haukuondoka kutwa. Manyunyu membamba, baridi ya kuingia kwenye vidole. Nguo nilizoanika juzi bado mbichi.

Leo barua moja imetolewa kwenye faili langu na nyingine imewekwa. Naandika ilivyokuwa kabla sijaanza kujipendelea, maana mtu akikaa na jambo lake siku tatu huanza kujisimulia vizuri. Mimi si mwandishi. Niliishia darasa la saba kule Mlola, na huenda nitakosea mpangilio, lakini yaliyotokea sitayapunguza wala kuyaongeza.

Nafanya kazi katika maabara ya serikali, mwaka wa ishirini na tatu sasa. Cheo changu ni mhudumu. Naosha chupa, napika jeli ya kulishia mimea, naipitisha kwenye mtungi wa mvuke wa kuulia vidudu, kisha napeleka trei za chupa kwenye chumba cha kukatia. Huko wataalamu wanakaa mbele ya kabati linalopuliza hewa safi, wanakata vipande vidogo kama punje ya mchele na kuvipanda kwenye ile jeli. Kikiingia kidudu kimoja tu, kisichoonekana kwa macho, chupa nzima inaoza. Kazi yote ni hiyo: kuzuia kidudu. Majirani wananiita daktari wa chupa.

Miaka miwili iliyopita tuliletewa mtafiti mwandamizi wa mambo ya seli. Ni mtu wa Mlalo, umri wake na wa mwanangu wa kwanza ni mmoja, amesoma mpaka nje ya nchi. Yeye ni mwandamizi kwa vyeti, mimi kwa miaka. Alikuja kushughulikia mkulo, ule mti mkubwa wa msituni ambao mbao zake zinanukia na mbegu zake ni shida kuota. Alitaka kuukuza kwa seli. Unakata kipande cha jani changa, seli zinajikusanya kuwa bonge la rangi ya maziwa, na Mungu akijalia bonge linatoa machipukizi. Waliomtangulia walishindwa hata kupata hilo bonge. Yeye alipata.

Lazima niseme na mazuri yake. Anafanya kazi kuliko sisi wote. Hakai ofisini kungoja kuletewa. Siku paa la stoo lilipovuja alipanda mwenyewe akaligongea bati. Angekuwa mvivu nisingemchukia, ningemdharau tu, na dharau haichoshi kama chuki.

Wakati wa masika mwaka huu chupa zake zikaanza kuoza. Hazikuota manyoya ya kuvu. Zilitoa ute mweupe, kama maziwa yaliyokatika, ukalizunguka bonge mpaka likawa la kahawia. Wiki ya kwanza chupa tano, wiki ya pili kumi na mbili. Siku moja, saa nne ya chai, akasimama barazani na kikombe mkononi, sote tukiwepo, mpaka walinzi na wale wa bustani.

"Huu ni uozo wa jeli isiyoiva," akasema. "Kuna mtu anatoa chupa kwenye mvuke kabla ya wakati. Maabara ya serikali haiwezi kutegemea mikono ambayo haijui hata inaua nini."

Hakutaja mtu. Anayepika jeli ni mmoja. Wenzangu waliangalia mikono yangu, nami nikaiangalia, ilikuwa imeshika kipande cha kiazi kilichochemshwa.

Barua ikaja siku ya pili, ameiandika yeye. Onyo, na maelezo kwamba uozo ukiendelea mpaka kikao cha robo mwaka nitaondolewa maabara nipelekwe kufyeka na kupalilia bustani. Nimebakiza miaka miwili kustaafu. Jembe siliogopi, nimelima tangu utotoni. Niliogopa kwamba karatasi ya mwisho katika faili langu, baada ya miaka yote hiyo ya kuosha, itasema mimi ni mchafu.

Nyumbani mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Msomee Halbadiri. Mdomo ukimpinda atajua alimsema nani."

"Halbadiri haina upande," nikamjibu. "Ukiisoma na kosa ni lako, inakurudia wewe."

"Kwani kosa ni lako?"

Hapo ndipo paliponiuma kuliko ile barua: sikuwa na hakika. Mwezi wa nne umeme ulikuwa unakatika katikati ya kupika, nikawa nahesabu dakika upya kwa saa ya simu. Huenda nilikosea mara moja. Huenda nilikosea mara nyingi. Mtu aliyesoma hadi mwisho wa vitabu anasema ni wewe, na wewe uliishia la saba, utasema nini? Kwa hiyo sikumsomea. Nilisema moyoni, kwanza nijue, halafu nimtafutie cha kumfanya. Nitakachomfanya nilikiwaza sana. Nilipokuwa nikisugua chupa nilikuwa namwona amesimama pale pale barazani akitetemeka mdomo.

Nikaanza kujipima mwenyewe. Kila nilipopika jeli nilitoa chupa mbili, nikazificha nyuma ya katoni za sabuni bila kuzifungua. Nikazipa majuma mawili. Jeli iliyopikwa vibaya huoza yenyewe hata isipopandwa kitu, hilo nilijifunza kwa macho si kwa kitabu. Majuma mawili yakapita, zote safi, ukizinyanyua mwangani unaona vidole vyako upande wa pili. Nilikaa juu ya ndoo nikalia kidogo. Halafu chuki, ambayo ilikuwa imekaa, ikasimama.

Basi kama si jeli ni nini? Chupa zilizooza zinarudi kwangu kuoshwa, hata moja hainipiti. Kila chupa ina karatasi: tarehe, jina la aliyekata, na namba ya mfuatano wa siku ile. Kabla ya kubandua karatasi nikawa naandika katika daftari hili hili. Chupa za fundi wetu, binti mmoja mchangamfu anayekata upande wa pili wa chumba, hazikuwa zinaoza, labda moja moja. Za mtafiti ndizo. Na za mtafiti zilikuwa na tabia: zile za mwanzo wa siku ni safi, kisha kuanzia katikati zinaharibika, tano sita mfululizo, kisha zinatengemaa tena.

Nikajiuliza katikati ya asubuhi kuna nini. Katikati ya asubuhi ndipo mimi ninapoingia na trei ya pili.

Siku mbili sikula vizuri. Nikasema basi ni mimi kweli, ni nguo zangu, ni nywele, ni kitu ninachokuja nacho toka nyumbani. Siku ya tatu nikaingia nikiwa nimekusudia kuangalia. Kwa kawaida naingia macho yakiwa kwenye trei nisije nikajikwaa.

Yeye alikuwa ameshika koleo mkono mmoja na chupa wazi mkono wa pili. Aliponiona akaweka koleo chini, akaingiza kidole cha glavu kwenye barakoa, akaishusha mpaka kidevuni, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akaipandisha barakoa, akaibana puani kwa kidole kile kile, akachukua chupa nyingine, akaishika kwenye mdomo wa chupa, pale pa kufunulia. Glavu hakuipaka spiriti.

Mdomo wa binadamu ni mchafu kuliko sakafu, kila anayefanya kazi yetu anajua, yeye ndiye aliyetufundisha. Ameshika mate yake na kuyapanda kwenye chupa, asubuhi kwa asubuhi, miezi mitatu. Yule binti yeye hunisalimia getini, sote tunapanda kwa miguu toka mjini asubuhi na mapema. Mtafiti naye alikuwa akipanda nasi, lakini tangu masika anakuja na pikipiki, anapitia mlango wa nyuma, anaingia moja kwa moja kwenye kabati lake. Mara ya kwanza kuonana naye kwa siku ni pale, na mtoto aliyelelewa hawezi kumwona mkubwa akakaa kimya.

Sasa naandika sehemu ambayo ningependa isingekuwepo. Wiki yake ya kwanza kazini alinisalimia akiwa na barakoa usoni. Sikuitika. Nilisimama na trei yangu. Akarudia, "Shikamoo, mama." Nikasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Nani anaongea? Kwetu mtu hamsalimii mkubwa amejifunga mdomo, labda awe amekuja kuiba kuku." Watu walicheka. Naye alicheka, kwa aibu, akashusha barakoa, akanisalimia upya, nikaitika. Hajasahau tena hata siku moja. Mama yake alimlea, mimi nikammalizia.

Kwa hiyo kosa lilikuwa lake, na mzizi wake ulikuwa wangu. Nilipolijua hilo ningemwambia. Mtu mwema angemwambia pale pale. Mimi nilitoka nikafunga mlango, nikaenda kuosha chupa, nikasema: mikono ambayo haijui hata inaua nini. Sasa inajua.

Asubuhi tatu mfululizo niliingia na trei ya pili, nikakaa. Nilijua wiki ile anakata mabonge ya mti mmoja mkongwe wa juu kabisa mlimani, ambao waliupata kwa taabu. Siku ya kwanza ilikuwa hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama, mama."

"Na mama yako, Mlalo?"

"Hajambo. Baridi tu inamsumbua magoti."

"Mpe pole sana. Mwambie afunge kanga. Na watoto?"

"Wazima, mama." Akatupa jicho kwenye chupa iliyo wazi. Barakoa bado iko kidevuni.

"Na yule mdogo, kile kikohozi?"

"Kimepungua, tunashukuru."

Binti fundi akasema toka upande wa pili, bila kugeuka, "Mama, bado mbuzi hujamuulizia."

"Mbuzi nitamuulizia kesho," nikasema.

Na kesho yake nikamuulizia mbuzi. Aliniambia kazaa mapacha. Siku ya tatu nikauliza habari za hao mapacha. Alijibu yote, kwa heshima, shingo imegeuka, kidole kinapanda na kushuka. Nilikuwa naitika marahaba huku nahesabu chupa.

Baada ya siku nne zikaanza kurudi kwangu. Karibu zote. Alikuja nazo mwenyewe mpaka sehemu ya kuoshea, ameinua moja mwangani, macho mekundu.

"Hizi zilikuwa za ule mti wa juu, mama," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemweleza mwenzake. "Nimebakiza mabonge manne tu."

"Pole," nikasema.

Sitadanganya katika daftari langu mwenyewe: nilifurahi. Nilizipokea zile chupa nikaziosha kwa maji ya moto, ambayo kwa kawaida nayabana. Utamu ule ulinikaa mpaka jioni. Halafu nikaanza kuwaza juu ya ule mti. Haujui nani alisema nini barazani. Na nikawaza jambo la pili, la ubinafsi zaidi: uozo huu nao utaandikwa kwangu. Kikao kilikuwa kimebaki siku saba. Nimejichimbia shimo kwa jembe zuri kabisa.

Nikamwita yule binti nikamweleza, ila si yote. Akacheka mpaka akashika ukuta. Tukachukua visahani viwili vya jeli. Akavaa glavu, akapaka spiriti, akagusa kisahani cha kwanza kwa kidole. Kisha akashusha barakoa.

"Shikamoo, mama mchawi."

"Marahaba, mwanangu mjinga."

Akapandisha barakoa, akagusa cha pili. Tukaandika karatasi, tukaweka kwenye kabati la joto. Siku ya tatu cha kwanza kilikuwa safi. Cha pili kilikuwa na madoa meupe yenye umbo la kidole, ungeweza kumkamata nacho mwizi.

Kikao kilikuwa leo saa tatu. Mkuu wa kituo, mzee mpole asiyependa kelele, alikaa kichwani mwa meza. Mtafiti akatoa taarifa yake ya mkulo, akasema uozo umezidi hasa siku za karibuni. Mkuu akanigeukia.

"Mama, una la kusema kabla hatujaamua?"

Nilisimama. Sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyoipanga. Nikaweka mezani chupa zangu zilizofungwa, visahani viwili, na daftari. Nikamwomba mtafiti mwenyewe ndiye asome. Nilikuwa nimelipanga hilo siku nyingi.

Akasoma tarehe na namba za chupa, ukurasa wa kwanza haraka haraka, wa pili polepole. Akavuta visahani. Akakigeuza cha pili mwangani, akakaa nacho muda mrefu mpaka mkuu akakohoa. Kumbe nilikuwa simjui vizuri, nilitegemea abishe. Hakubisha hata neno.

"Ni mimi," akasema. "Ni kidole changu."

Moyo wangu ulijaa kama mtungi. Ndipo akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini, mama, wewe ndiye uliyenikataza kukusalimia nikiwa nimejifunika."

"Ni kweli," nikasema. "Nilikukataza."

Mkuu akauliza, "Na wewe hili umelijua lini?"

Hapo palikuwa na mlango. Ningesema juzi, tulipofungua kabati. Binti asingenipinga, alikuwa hajui zaidi. Nilifungua mdomo niseme juzi, na kweli sijui kilichonizuia. Sidhani ni wema. Nadhani nilitaka ajue.

"Nililijua kabla ya zile asubuhi tatu za mwisho," nikasema.

"Ulijua, na ukaingia?"

"Nilijua nikaingia. Nikamuulizia na mbuzi."

Mtu mmoja akacheka, akakigeuza kicheko kikohozi. Binti hakucheka. Mtafiti aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliye kwenye kisahani, kisha akaangalia mezani. Niliona amenielewa, na kwamba ilimuuma mahali nilipotaka iume.

Mkuu alifikiri kidogo tu. Barua ya kwanza ifutwe, na aliyeiandika asome kufutwa kwake barazani, saa ya chai, mbele ya wote waliokuwepo siku ile. Mimi nipewe barua mpya, onyo la kuharibu kazi ya serikali kwa makusudi. Kubaki maabara nitabaki. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hakukuwa na mwenye pingamizi.

Saa nne akasimama barazani. Walinzi walikuwepo, wa bustani walikuwepo na majembe yao. Alisoma vizuri, ila alipofika kwenye maneno ya kwamba aliyoyasema juu ya mikono yangu hayakuwa ya kweli, sauti ikazama.

"Rudia hapo, mwanangu," nikasema. "Upepo umeyachukua."

Upepo haukuwepo, ulikuwepo ukungu tu. Akarudia, kwa nguvu, mdomo ukimtetemeka. Nilikunywa chai yangu mpaka chini ya kikombe.

Baadaye nikasaini ile ya kwangu. Niliisoma mara mbili kutafuta uongo, sikuuona. Niliona tu kwamba imeandika "chupa kumi na tisa" na wala haikusema zilikuwa za ule mti wa juu. Ningekuwa mimi ningesema.

Saa tisa alikuja sehemu ya kuoshea, akasimama nje ya mlango.

"Mama, kesho nakata yale mabonge manne."

"Jeli nimeshapika."

Akauliza, "Sasa nitakuwa nakusalimia wapi?"

"Getini. Upite getini kama wenzako, tena uwahi. Chumbani nikiingia usinione."

"Nikikunyamazia, mama, nitajisikia vibaya."

"Utajisikia vibaya, ndiyo," nikasema. "Nami vilevile."

Akaondoka. Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu sijamsamehe, na yeye hakusema. Nikipima, naona nilimlipa zaidi ya alichonikopesha, maana yeye alinikosea akidhani ana haki na mimi nilimkosea nikijua sina. Lakini nikilikumbuka lile neno la mikono, mizani inarudi tena upande wangu. Sijui. Labda kesho nitaliona vingine. Kesho nitawahi getini nione kama atakuja.

Nimefika nyumbani kanga imelowa. Mume wangu alikuwa amekwisha washa moto na kuinjika sufuria, jambo asilolifanya mara nyingi. Tumekula ugali wa mahindi, mnavu uliopikwa na nyanya na kitunguu, na maharage yaliyobaki jana. Yeye alitia pilipili, mimi nilikula hivyo hivyo.